ABS, LONCHI KONTROLI NA UFUNDI WA DEREVA: NANI ANAMWOKOA NANI?



Kaa dakika 10 kwenye kijiwe chochote cha bodaboda hapa mjini Kigoma, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji, utausikia ubishi huu. Upande mmoja wameangalia video za MotoGP, wanasema wale jamaa hawaendeshi kitu, kompyuta ndio inaendesha. Upande wa pili wanasema pikipiki ya ABS ni ya waoga, dereva wa kweli anajua breki kwa mguu wake. Mimi naona wote wanakosea, na kosa lenyewe linaweza kumgharimu mtu mguu au uhai. Kwa hiyo nimeandika hapa kila kifaa kinafanya nini, hakifanyi nini, na sisi tusio navyo tunabaki na nini.

1. LONCHI KONTROLI
Hii ni ya kuondokea. Dereva anavuta mafuta mpaka mwisho, kompyuta inazuia injini isipite mzunguko uliopangwa, halafu inapunguza nguvu kama tairi la mbele linataka kunyanyuka. Yamaha R1 ya 2015 inayo. Lakini klachi bado anaiachia dereva kwa mkono wake, na akiiachia vibaya anaondoka vibaya.

Kwenye MotoGP waliongeza na kifaa cha kushusha pikipiki chini wakati wa kuondoka ili mbele isinyanyuke. Ducati ndio walioanza nacho. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba vifaa hivyo vinapigwa marufuku kuanzia msimu wa 2027.

2. TRAKSHENI KONTROLI
Inalinganisha mzunguko wa tairi la mbele na la nyuma. La nyuma likizunguka haraka kuliko la mbele maana yake linateleza, basi kompyuta inapunguza nguvu ya injini. Haiongezi mshiko wa barabara hata kidogo. Inakunyima tu nguvu uliyoomba kupita kiasi.

3. ABS
Tairi likijifunga wakati wa breki, pikipiki haiongozeki tena, inalala. ABS inaachia breki na kubana tena mara nyingi ndani ya sekunde moja ili tairi liendelee kuzunguka. BMW waliiweka kwenye pikipiki ya K100 mwaka 1988. Ulaya ikawa lazima kwa modeli mpya za zaidi ya cc 125 kuanzia 2016, na India wakafuata kwa pikipiki zote mpya za zaidi ya cc 125 Aprili 2019. Zile ndogo India walizitaka ziwe na CBS, yaani ukikanyaga breki moja, matairi yote mawili yanabanwa.

Kwa hiyo wanaosema ABS ni ya waoga wajiulize: mtoto akikatiza ghafla, nani ana muda wa kubana na kuachia kwa ustadi? Mkono ulioshtuka unabana mpaka mwisho. Hapo ABS inamshinda hata dereva mzoefu. Ila kwenye changarawe au mchanga mwingi inaweza kurefusha umbali wa kusimama, ndiyo maana pikipiki nyingi za porini zinaruhusu kuizima nyuma.

JE, KOMPYUTA NDIO INAENDESHA?
Tangu 2016 timu zote za MotoGP zinatumia programu moja ya kompyuta, ya Magneti Marelli. Mwaka 2019 Marc Márquez alikuwa bingwa na Honda kwa pointi 420. Mwenzake wa timu hiyohiyo, Jorge Lorenzo, mtu mwenye ubingwa 3 wa MotoGP, alimaliza wa 19 na pointi 28. Kweli Lorenzo aliumia akakosa baadhi ya mbio, lakini hata alizokimbia hakuwa karibu na Márquez. Kumbe mtu bado ana kazi yake.

SASA SISI WA BOXER NA TVS
Boxer na TVS HLX nyingi mtaani zina breki za drumu na hazina ABS. Kompyuta ni wewe. Kazi zote za hapo juu unazifanya kwa mikono miwili na mguu mmoja, huku una abiria nyuma na hesabu ya bosi kichwani.

Kuondoka mlimani: Ule mlima wa kutoka stesheni kupanda Mwanga ndio lonchi kontroli yetu. Shikilia kwa breki ya mguu, ongeza mafuta kidogo, achia klachi taratibu mpaka usikie pikipiki inataka kwenda, ndipo uachie breki. Ukipakia mishikaki, uzito wote unakwenda nyuma na mbele panakuwa pepesi, tairi linanyanyuka au usukani unakosa utii. Pamoja na hayo, sheria inataka abiria mmoja tu, na helmeti mbili.

Breki: Ukifunga breki uzito unahamia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi. Wengi wetu tunaiogopa, tunakanyaga ya nyuma peke yake mpaka tairi linaburuzika. Tumia zote mbili, ya mbele ibane kwa kuongeza kidogokidogo. Kwenye mchanga ipunguze.

Mvua: Drumu ikiingia maji inashika kidogo. Ukitoka kwenye dimbwi, kanyaga breki kidogo huku unaendelea kwenda mpaka ikauke. Na angalia lami iliyomwagikiwa mawese, hata traksheni kontroli ya milioni nyingi haina la kufanya pale.

HESABU YA MWENDO
Kwa kilomita 40 kwa saa unakwenda mita 11 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, mita 11 zimekwisha hujagusa breki. Kwenye lami kavu ongeza kama mita 9 za kusimama. Kwa kilomita 60 kushtuka ni mita 17 na breki ni mita 20, jumla 37. Mwendo umeongezeka nusu tu, umbali umekaribia mara mbili.

Hapo ndipo ubishi wote unapoishia kwa maoni yangu. Hakuna kifaa kinachochagua mwendo kwa niaba yako. ABS haioni mchanga ulioko kwenye kona ya mbele, wewe unauona. Ukipata pikipiki yenye ABS ichukue, usione aibu. Ukiwa huna, fanya mazoezi ya breki asubuhi kwenye uwanja mtupu bila abiria, maana siku ya dharura mkono utafanya kile tu ulichozoea.

Nawasilisha. Mafundi na madereva wenye uzoefu karibuni muongezee.