Ngano Ilipopandishwa kwa Hewa

Mwishoni mwa karne ya 19, ngano nyingi iliyofika London kutoka ng'ambo ilikuwa imemwagwa tu ndani ya falka, bila magunia. Ilitolewa kwa nguvu za watu. Makuli walishuka na machepe, wakajaza vikapu na magunia, winchi ikavuta, wapima wakapima. Vumbi liliwakaba, na meli ikalala gatini siku kadhaa, huku kila siku ikimtoa mwenyewe fedha.

Frederic Eliot Duckham, mhandisi wa gati za Millwall, alitaka kazi hiyo ifanywe na hewa. Huyu hakuwa mgeni wa mambo ya mizigo: alikwisha kubuni mizani ya kupimia shehena ikiwa bado inaning'inia kwenye kreni. Kufikia miaka ya 1890 mtambo wake wa kufyonza nafaka ulikuwa kazini pale Millwall.

Punje ya ngano ikiachiwa, huanguka kwa kasi isiyozidi takriban mita 10 kwa sekunde. Hewa inayopanda kwa kasi zaidi ya hiyo huibeba, na ndiyo maana kwenye mabomba ya kazi hii hewa huenda mbio mara mbili au zaidi. Ikipungua nguvu, punje zilizokwisha kupanda hurudi kuangukia zilizo chini, na bomba zima linaziba.

Anayekunywa dafu kwa mrija anajua kuwa mrija uliotoboka haufai kitu. Kwa ngano ni kinyume chake. Ukizamisha mdomo wa bomba katikati ya rundo bila kuuachia hewa, pampu itavuta na punje hazitasogea. Kwa hiyo mdomo huvikwa bomba la pili kwa nje, hewa ikashuka kati ya hayo mawili, ikazilegeza punje na kuzisomba. Juu kuna tangi pana. Hewa ikiingia humo hupoteza kasi, ngano ikaanguka chini.

Lakini utaitoaje ngano tangini bila kuingiza hewa na kuua mvuto wote? Jibu la mitambo ya awali linanifurahisha kuliko mengine yote: kisanduku cha vyumba viwili, kilichopachikwa kwenye egemeo chini ya tangi. Chumba kimoja kikijaa, uzito wake wenyewe unakipindua kisanduku. Ngano inamwagika nje, na chumba cha pili kimekwisha kukaa chini ya tundu. Hakuna mtu wa kukisimamia.

Huko Rotterdam, kutosimamiwa na mtu ndiko kulikozua ugomvi. Bandari hiyo ilipokea nafaka iliyokuwa ikienda Ujerumani, na meli kubwa zilipakua katikati ya maji, moja kwa moja kwenye matishali yaliyopanda mto Rhine. Mtambo unaoelea uliweza kukaa katikati: mabomba yakaingia kwenye falka, ngano ikapanda, ikapita kwenye mizani ya mashine, ikateremka tishalini. Vikundi vya makuli na wapima vilivyokuwa vikiishi kwa kazi hiyo havikuhitaji kuelezwa maana yake.

Mitambo ilipoanza kutumika mwaka 1905, waligoma. Ushindi wa awali ulikuwa wao, kwa kuwa hata wafanyabiashara wa nafaka hawakukubaliana juu ya mashine hizo. Naona hilo ni la kuzingatia. Simulizi nyingi za viwanda huwagawa watu katika makundi mawili, matajiri wanaopenda mashine na vibarua wanaoichukia, ilhali hapa swali la nani ashike mizani liliwagusa wote. Uzito wa shehena ndio bei yake.

Mwaka 1907 mgomo ulizuka tena, mkubwa na mchungu zaidi. Waajiri wakaleta watu wa kuuvunja, na safari hii makuli wakashindwa. Mwaka uliofuata ikaundwa kampuni ya Graan Elevator Maatschappij, na katika miaka michache mitambo ya hewa ikatwaa sehemu kubwa ya kazi ya nafaka bandarini hapo.

Haikushinda kwa kubana matumizi ya nishati. Kwa tani ileile, bomba la hewa hula nguvu nyingi kuliko mnyororo wa ndoo, jana na leo. Ila ndoo huhitaji kushushwa wima juu ya rundo, na bomba lenye kiungo laini hufika hadi kwenye pembe za falka. Kinachobaki sakafuni bado hukusanywa na watu.