Malili, mtaa uliowekewa taa kabla ya wenyeji

Ukishaipita njia panda ya Machakos kwenye barabara ya Mombasa, nchi inafunguka: nyasi kavu, migunga, na pundamilia ambao hakuna aliyewaarifu kwamba wanapakana na mtaa wa kitajiri. Baada ya kilomita 60 na ushei kutoka Nairobi, kando ya soko la Malili katika kaunti ya Makueni, linatokea jengo refu la vioo limesimama peke yake, mithili ya mgeni aliyefika harusini mapema mno.

Hapo ndipo Konza. Jina ni la zamani kuliko mji wenyewe. Lilikuwa la stesheni ya reli iliyojengwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, ambako baadaye lilichipuka tawi la kwenda Magadi kubeba magadi. Kwa miaka mingi shughuli kubwa ya uwanda huu ilikuwa ng'ombe, na ekari 5,000 zilizokuja kupewa mji zilikuwa za ranchi ya Malili, mali ya wanahisa.

Ruwaza ya 2030, mpango wa maendeleo wa taifa, ilipozinduliwa mwaka wa 2008, serikali ilitaka jiji la teknolojia, ikainunua ardhi hiyo. Januari 2013, wiki chache kabla ya kuondoka Ikulu, Rais Mwai Kibaki alifika kuzindua ujenzi. Vyombo vya habari vilipabandika jina la Silicon Savannah, na michoro ikaonyesha vyuo, ofisi, bustani na makazi ya watu watakaokwenda kazini kwa miguu.

Kisha pakawa kimya.

Mitaa ya kifahari ya Kenya kwa kawaida huanza na wenye nyumba. Muthaiga ilianza na walowezi na klabu yao, iliyofunguliwa mkesha wa mwaka wa 1914. Mambo mengine yakafuata. Malili mpangilio umegeuzwa. Zilitangulia barabara, taa, njia za baiskeli na mabomba ya kufyonza takataka chini ya ardhi, kazi iliyopewa kampuni ya Kiitalia katika awamu ya kwanza ya ekari 400. Kikafuata kituo cha taifa cha kuhifadhi data. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka wa 2023, kina makao yake huko, ingawa wanafunzi wake husomea popote walipo, mtandaoni. Hata chuo, basi, hakikuleta wapangaji.

Walioonja ukali wa mpango ni majirani. Serikali ilitenga ukanda wa kilomita 10 kuzunguka mji na kuzuia ujenzi holela, ili pasizuke vibanda mlangoni pa jiji. Nia inaeleweka, lakini kwa mwenye shamba, ukanda huo ulimaanisha ardhi yenye thamani kubwa kwenye maneno ya madalali na mikono iliyofungwa kwenye matumizi. Madalali hawakufungwa chochote. Mabango ya ploti "hatua chache tu kutoka Konza" yamesimamishwa mbali kiasi kwamba anayezihesabu hatua hizo atamaliza soli za viatu.

Halafu kuna maji, na hapa Ukambani neno hilo lina uzito wake. Jiji linayatarajia kutoka bwawa la Thwake, linalojengwa tangu 2018 mahali mito ya Athi na Thwake inapokutana, mpakani mwa Makueni na Kitui. Vijiji vya kaunti hizo mbili vimejifunza kuishi kwa mabwawa ya mchanga: ukuta unajengwa mtoni, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unahifadhi maji, na akina mama wanachota kwa kibuyu msimu wa kiangazi. Foleni ya mitungi haina njia ya baiskeli.

Soko la Malili halikungoja mtu. Maduka yameongezeka kandokando ya lami, na madereva wa malori husimama kula. Jua likizama, taa za Konza huwaka kwenye barabara pana zenye magari ya kuhesabika. Ng'ambo, sokoni, ndiko wateja waliko, wakila nyama choma kwa mwanga wa balbu moja.