Minyoo Fundo na Misitu ya Urambo

Tabora ikitajwa, watu hukumbuka pembe za ndovu, wapagazi wa Kinyamwezi na miembe ya njia ya Bagamoyo hadi Ujiji. Mimi ni binti wa mkulima wa tumbaku wa Urambo, na naona historia yetu nyingine imefichika kwenye mizizi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walileta matrekta Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo, wakifyeka miombo ili walime karanga. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, na tumbaku ya mvuke ikashika nafasi. Baba alilima shamba misimu michache, kisha akafyeka jingine. Katika shamba lililochoka tumbaku ilinyauka mchana hata udongo ukiwa na unyevu. Ukiing'oa, mizizi imejaa vinundu. Hiyo ni kazi ya minyoo fundo. Jike hukaa ndani ya mzizi akinyonya, akitaga mayai kwa mamia. Dawa yetu ilikuwa shoka, na shoka hilohilo lilikata kuni za mabani ya kukaushia tumbaku. Mitundu, miti ya miombo, ilipoanguka, tulipoteza na uyoga wake, maana kuvu wa uyoga huo huishi kwa kushikana na mizizi ya miti hiyo.

Tumbaku nayo ina kuvu wake, jamii nyingine ya mikoriza, yaani kuvu washirika wa mizizi. Huingia mzizini, huupa mmea fosforasi na kupewa sukari. Mzizi uliokaliwa nao huwabania minyoo nafasi, na mmea huamka mapema kujikinga. Kuvu hao hawaui minyoo, kwa hiyo faida yao ni kutangulia: wawekwe kitaluni, kabla mche haujakutana na adui. Anayeua ni kuvu mwingine, Purpureocillium lilacinum, ambaye mwaka 1979 watafiti nchini Peru walieleza jinsi anavyoshambulia mayai ya minyoo fundo. Leo anauzwa kama kiuatilifu cha kibiolojia.

Peke yao kuvu hawatoshi. Mkulima ang'oe mashina mara baada ya mavuno, na badala ya kufuatisha mahindi, ambayo huwalisha minyoo, apande karanga: minyoo wa kawaida wa tumbaku hawazaliani humo. Zao lililowashinda wenye matrekta linaweza, kwa jembe letu, kumtuliza mkulima kwenye shamba moja. Miombo iliyobaki Urambo inastahili mkulima wa namna hiyo.