Ufagio wa Mtoto

Kila nyumba yenye mtoto mdogo ina ugomvi wake wa jioni. Mchana mtoto ametandaza vitu sakafuni kwa furaha. Jua likitua mzazi huviokota kwa uchovu, na aghalabu kwa ghadhabu. Mtoto akiitwa kusaidia hukimbia. Asipoitwa hujitia katikati, akanyakua ufagio na kutawanya taka zilizokwisha kukusanywa. Basi mzazi humfukuza anapoitaka kazi, na humlazimisha asipoitaka. Swali la namna ya kuigeuza kazi hiyo iwe furaha ya mkubwa na mdogo si la leo wala la jana. Watu watatu wa Ulaya walilishughulikia kwa nyakati mbalimbali, na majibu yao yanafuatana kama vipandio vya ngazi.

Wa kwanza ni John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza. Mwaka 1693 alitoa kitabu juu ya malezi, kilichotokana na barua alizomwandikia rafiki yake aliyetaka shauri la kumlea mwanawe. Locke hakuoa wala hakuzaa, lakini alisomea utabibu, akafundisha watoto wa watu wengine, na jicho lake lilikuwa kali. Aliona kwamba mtoto akiamrishwa kucheza pia kwa saa kadha wa kadha kila siku, kama anavyoamrishwa kusoma, ataichukia pia hiyo upesi. Kwa hiyo kinachofanya jambo liwe mzigo ni amri. Jambo lenyewe halina kosa. Alishauri tena kwamba vitu vya kuchezea viwekwe na mkubwa, mtoto apewe kimoja tu kwa wakati mmoja, wala asipate cha pili mpaka arudishe cha kwanza. Kwa njia hiyo, alisema, atajifunza mapema kutunza alicho nacho. Shauri hili ni jema, lakini lina upungufu wake: ufunguo wa sanduku umebaki mkononi mwa mkubwa, na mtoto hurudisha kitu ili apate kingine.

Wa pili ni Friedrich Froebel wa Ujerumani, aliyefiwa na mama yake kabla hajatimiza mwaka mmoja, na ambaye maisha yake yote alitafuta namna ya kumkutanisha mama na mtoto katika mchezo. Alianza kazi yake ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akaipa jina la Kindergarten, maana yake bustani ya watoto. Alitengeneza vitu vya kuchezea alivyoviita zawadi. Mojawapo ilikuwa kipande cha mti chenye pande sita zilizo sawa, kilichogawanywa katika vipande vinane vidogo na kutiwa ndani ya sanduku lenye kifuniko. Mtoto alikitoa kikiwa kizima, akakivunja, akajenga kiti, ukuta au daraja. Halafu alivirudisha vipande vyote mahali pake, sanduku likafungwa. Hapo kupanga vitu kulikuwa mwisho wa mchezo wenyewe, kama shairi linavyomalizika kwa kituo chake. Mwaka 1844 alitoa kitabu cha nyimbo na picha kwa ajili ya akina mama, wapate kucheza na watoto wao kwa vidole huku wakiigiza kazi za mwoka mikate, seremala na wengine.

Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani hizo mwaka 1851, na Froebel akafa mwaka uliofuata, kabla ya marufuku kuondolewa mwaka 1860. Alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mpango na furaha vinaweza kukaa pamoja. Hata hivyo, ingawa watoto wake walikuwa na vitalu vya kulima, nyingi za kazi walizozijua kwa mchezo zilikuwa za kuigiza. Mkate uliookwa kwa vidole haukuliwa na mtu.

Kipandio cha tatu kiliwekwa na Maria Montessori, aliyezaliwa Italia mwaka 1870 na kuhitimu utabibu katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896. Habari yake ina kinyume cha ajabu ndani yake. Mtaa wa San Lorenzo katika Roma ulikuwa wa mafukara. Majumba yake makubwa yalijengwa kwa pupa katika miaka ya 1880. Biashara ya majumba ikaanguka, mengine yakaachwa bila kukamilika, na maskini wakabanana humo. Baadaye kampuni moja iliyoongozwa na Edoardo Talamo iliyatengeneza na kuyapangisha kwa watu wa kazi. Ndipo likazuka tatizo. Wazazi walishinda kazini, na watoto waliokuwa wadogo mno kwenda shule walibaki peke yao, wakachafua kuta na kuharibu ngazi. Kampuni ikaona heri kuwakusanya katika chumba kimoja chini ya mlezi, gharama itoke katika fedha ambazo zingetumika kurekebisha uharibifu. Nyumba ya Watoto ilifunguliwa tarehe 6 Januari, 1907, ikiwa na watoto wapatao 50. Kwa sehemu kubwa ilizaliwa kwa huruma juu ya kuta.

Montessori alitazama kwanza, akatenda baadaye. Kila mlezi aliporudisha vifaa kabatini, watoto walimfuata nyuma. Aliwarudisha vitini mwao, wakamfuata tena. Ilidhaniwa ni utundu, mpaka Montessori alipotambua kwamba walitaka kurudisha vitu kwa mikono yao wenyewe. Siku moja mlezi alichelewa, na kabati halikuwa limefungwa kwa ufunguo. Alipofika alikuta watoto wengine wamelizunguka, wengine wakichukua vifaa na kwenda navyo. Yeye aliona wizi; Montessori aliona kwamba watoto wamevijua vitu vyao kiasi cha kuweza kujichagulia. Kabati refu la ufunguo likaacha nafasi kwa makabati mafupi yaliyo wazi, na ule ufunguo wa Locke ukakosa kazi.

Zikaletwa meza na viti vyepesi, ambavyo watoto wawili wa miaka minne waliweza kuvibeba, na mabeseni ya kunawia yaliyowekwa chini. Vikaja fagio ndogo na vitambaa vya kupangusia vumbi. Walikuwapo waliopinga, wakisema kwamba viti vyepesi vitaangushwa. Montessori alijibu kwamba hiyo ndiyo faida yake: kiti kikianguka kwa kishindo, mtoto husikia kosa lake mwenyewe bila ya kukemewa. Watoto wakafagia, wakapangusa, wakaosha. Na vitu vya fahari vya kuchezea vilivyokuwamo chumbani wakaviacha bila kuvigusa. Wale waliokusanywa kwa sababu ya kuharibu nyumba wakawa watunzaji wa nyumba. Mama zao waliruhusiwa kuja saa yoyote kuwatazama, kwa kuwa shule ilikuwa ndani ya jumba walimoishi, na yaliyofanyika chumbani yaliweza kupanda ngazi mpaka nyumbani kwao.

Montessori hakupenda kuiita shughuli hiyo mchezo, aliiita kazi. Lakini mtu awaye yote aliyepata kumwona mtoto akipika mchanga katika kifuu anajua kwamba mpaka kati ya maneno hayo mawili umechorwa na wakubwa. Mtoto anayepika mchanga amemwona mama yake akipika, naye hutumia kifuu kwa sababu hajaruhusiwa kushika sufuria. Akipewa mchele halisi auchague katika ungo mdogo, akiwa amekaa ubavuni pa mama yake, hatasikitikia mchanga.

Hii haina maana kwamba mtoto atwishwe kazi za mkubwa, wala kwamba ahadaiwe kwa kuipa kazi chungu jina tamu. Hadaa ya jina hufanya kazi siku mbili. Ya tatu mtoto ameigundua. Watatu hao kwa pamoja wanadai mengine: amri ipungue, shughuli iwe na mwisho unaoonekana, na chombo kilingane na mkono. Kwa mzazi sharti hizo zina gharama. Itampasa afanye kwa nusu saa jambo la dakika tano, na avumilie sakafu iliyofagiwa kwa mistari.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Wengi hutumia methali hiyo kuhalalisha fimbo. Lakini samaki mbichi hujikunja kwa wepesi, na anayevunjika ni yule aliyekaushwa. Mtoto wa miaka mitatu huomba ufagio kwa machozi. Akinyimwa kila siku kwa kuwa anachelewesha kazi, atazoea kutouomba. Na akifika miaka kumi atapewa ufagio huo kwa amri, naye atautazama kama Locke alivyosema mtoto angeitazama pia aliyolazimishwa kuicheza.