Fosso, Samuel
Mpigapicha aliyezaliwa Kumba, Kamerun, mwaka 1962 na kukulia Nigeria, maarufu kwa picha za sura yake mwenyewe. Akiwa na umri wa miaka 13 alifungua studio mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Filamu iliyobaki baada ya kuwapiga picha wateja hakuitupa: jioni alivaa suruali pana, miwani na viatu vya soli nene, akajipiga picha, na nyingine akamtumia bibi yake Nigeria. Utotoni alikuwa amepooza, wala hakupigwa picha. Kiu ya kujiona, na kujijua, ilianzia hapo. Katika mfululizo wa picha African Spirits (2008) alijigeuza Lumumba, Angela Davis na Muhammad Ali, kazi yake yenye uzito kuliko zote. Mwaka 2023 alitunukiwa tuzo ya upigaji picha ya Deutsche Börse.