Majibu Mawili ya Mwaka 1973

Mimi ni mwanafunzi wa historia na Kiswahili hapa Uganda, si wa fizikia. Hata hivyo, nimechagua kuandika juu ya swali la wanafizikia ambalo lilipata majibu mawili katika mwaka mmoja.

Mwaka 1964, nchini Marekani, James Cronin, Val Fitch na wenzao waligundua kwamba chembe ziitwazo kaoni hazifuati kikamilifu ulinganifu uliodhaniwa kuwapo kati ya maada na kinyume chake, yaani antimaada. Tofauti hiyo ilitoka wapi?

Mwaka 1973, Makoto Kobayashi na Toshihide Maskawa wa Japani walijibu kwamba ingewezekana kama kungekuwa na aina sita za kwarki. Wakati huo zilijulikana tatu tu. Mwaka huohuo, Tsung-Dao Lee, mzaliwa wa China aliyefanya kazi Marekani, alipendekeza kuongeza nyuga skala. Uga skala una kiasi kila mahali, lakini hauna mwelekeo. Mfano wake ni joto la chumba: kila kona ina nyuzijoto zake, lakini joto halivumi kuelekea kusini kama upepo. Nadharia ya kawaida ilikuwa na seti moja ya nyuga hizo, ile inayohusishwa na Peter Higgs. Lee aliongeza ya pili. Kwa hesabu hiyo, badala ya chembe moja ya Higgs zingekuwapo tano, mbili kati yake zikiwa na chaji ya umeme.

Kwarki tatu zilizosalia zilipatikana mwaka 1974, 1977 na 1995, na mwaka 2008 Kobayashi na Maskawa walipewa Tuzo ya Nobel. Tarehe 4 Julai 2012, maabara ya CERN karibu na Geneva ilitangaza chembe ya Higgs: moja tu. Nne nyingine hazijaonekana, na Lee alifariki mwaka 2024.

Je, alikosea? Nilipoanza insha hii nilikuwa tayari kuandika "ndiyo". Kisha nikasoma kwamba tofauti inayotokana na kwarki sita ni ndogo mno kueleza kwa nini ulimwengu umejaa maada huku antimaada ikiwa adimu. Ndiyo maana seti ya pili ingali inatafutwa.

Sisi wa historia hupenda kugawa washindi na walioshindwa. Haraka haraka haina baraka; kesi hii bado inasikilizwa.