Maji Yamepita Wapi? Swali la Zamani la Mji Mkongwe

Watu walioamua kutokula wala kutumia chochote kitokanacho na mnyama wamefikia hatua ya kuyauliza hata maji ya mfereji: yamechujwa kwa nini, yametiwa dawa gani, na je, kuna mfupa au ngozi ya mnyama njiani? Wengi wetu hulisikia swali hili kama anasa ya kigeni iliyoletwa na watalii. Historia ya Unguja inasema vingine. Katika Mji Mkongwe wa karne ya 19, kuuliza maji yamegusa nini kabla ya kufika kinywani lilikuwa jambo la kila siku, na waliouliza hawakuwa wageni wa kupita. Nashikilia kwamba swali hilo ni halali, na kwamba mji huu umewahi kuonyesha namna ya kuliheshimu. Lakini mji huuhuu umeonyesha pia hatari ya kuliuliza nusu.

Kabla ya mabomba, mji ulitegemea visima vilivyochimbwa ndani ya viwanja vya nyumba, karibu mno na mashimo ya vyoo, juu ya ardhi ya matumbawe inayopitisha uchafu upesi. Maji mazuri yalitoka nje, kwenye chemchem za upande wa Mtoni na Bububu, ambako hata vyombo vya safari vilijaza mapipa yao. Kwa Mabaniani, wafanyabiashara wa Kihindu kutoka Kutch na Gujarati, ubora wa chemchem haukutosha. Wengi wao hawakula nyama, na dini yao iliwataka wajihadhari na maji yaliyotiwa katika kiriba cha ngozi au kuchotwa na mkono usio wa jamii yao. Hawa hawakuwa watu wa pembeni: nyumba ya Jairam Shivji, ya Wabhatia wa Kutch, ilikodi forodha ya Unguja kwa miongo kadhaa tangu enzi za Seyyid Said. Mwenye kushika hazina ya dola alikuwa mtu ambaye hangekunywa maji bila kujua yametoka wapi.

Majirani zao Waislamu nao walikuwa na mizani yao. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi Unguja, maji yaliyofika kula mbili, kipimo cha maji mengi, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Ngozi ya mzoga hutoharika kwa kudibaghiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe, lakini mfupa wa mzoga hubaki najisi. Sababu za Mbaniani na za Mwislamu hazifanani, na zote mbili si zile za anayekataa kumtumia mnyama kwa huruma. Hata hivyo wote watatu wanakubaliana juu ya jambo moja: usafi wa maji hauishii kwenye yale yanayoonekana ndani ya gilasi, bali unahusu pia njia yaliyopitia.

Njia hiyo ilikuja kuwa suala la uhai na mauti. Kipindupindu kiliipiga Unguja mara kadhaa katika karne hiyo, na wimbi la 1869 na 1870 liliua maelfu ya watu. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu mjini wakati ule, alichunguza mwenendo wa jamii mbalimbali, pamoja na maji waliyokunywa, na mwaka 1876 akachapisha kitabu juu ya maradhi hayo katika Afrika Mashariki. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeyaleta mjini maji ya chemchem kwa mfereji. Bomba la watu wote lilileta afya, lakini lilizusha pia swali jipya la dini. Huko Kolkata, India, ambako maji ya bomba yalianza karibu na 1870, Wahindu washika dini walihoji vipande vya ngozi vilivyofungwa ndani ya vifaa vya bomba. Unguja nako husimuliwa kwamba Barghash, alipotaka Wahindu walete wake zao kutoka India miaka ya 1880, aliwaahidi mabomba yao ya pekee ili wawe na hakika na maji yao. Maana ya masimulizi hayo ni nzito: mtawala Mwislamu hakuikejeli dhamiri ya raia asiye wa dini yake, bali aliihesabu kuwa sehemu ya kazi ya kugawa maji.

Atapinga mtu, na ana haki, kwamba miiko ya Mabaniani ilihusu utengano wa jamii zaidi kuliko huruma kwa wanyama. Pingamizi hilo lina ukweli mchungu zaidi ya hapo. Maji ya mji yalibebwa vichwani na watumwa, na ushuru uliokusanywa forodhani, mpaka biashara ya watumwa ilipopigwa marufuku mwaka 1873, ulitozwa pia juu ya watu walioteremshwa bandarini. Aliyechunguza chombo cha maji asimwone aliyekibeba aliuliza nusu ya swali. Hili halilifanyi swali lenyewe kuwa batili. Linatufundisha kwamba anayejali ng'ombe aliyetolewa mfupa wake anapaswa kumjali pia mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, anayekesha akisubiri mfereji utoe maji.

Tukija leo, jibu kwa Unguja ni jepesi kiasi. Maji ya mji hutoka kwenye visima na chemchem za mwamba wa chokaa, na dawa yake kuu ni klorini, ambayo haitokani na mnyama. Lakini Tanzania Bara ina mfano unaoonyesha kwamba swali si la kubuni. Karibu na Mlima Meru, miamba ya volkano hujaza maji floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno huharibika rangi na mifupa ya watoto hupinda. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimekuwa kikichuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwa maskini wa huko mkaa huo ni nafuu na ni tiba, na sioni dhamiri inayoweza kumwambia mama amnyweshe mwanawe sumu kwa ajili ya ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa. Hapohapo, asiyetumia kitu cha mnyama ana haki ya kuambiwa, na Mwislamu ana haki ya kujua mifupa ni ya mnyama gani na alikufaje.

Wapo watakaosema kwamba penye uhaba, maswali kama haya yasubiri. Lakini kueleza hakupunguzi hata ndoo moja ya maji. Mamlaka ya maji inayoandika wazi chanzo, dawa na vichujio vyake inamhudumia mlaji mboga, mshika dini, mgonjwa na fundi kwa karatasi ileile, na inajifunga kuwajibika kwa wote. Barghash alilijibu swali kwa kuwaahidi wachache mabomba ya pekee, kadiri ya enzi yake. Enzi yetu inadai bomba moja la wote, lenye maji ya kutosha, na taarifa zake zisomwe na kila anayekinga.